Mteremko wa Bangwe na Gari Lisilo na Klachi

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili asubuhi simu yangu iliita. Nilikuwa nyumbani Rusimbi, nimekaa uani kwenye stuli, napiga mswaki. Aliyepiga alikuwa dereva wangu, naye alikuwa Bangwe, ambako lori langu lilikuwa limelala na tani tatu za chumvi tuliyoitoa Uvinza jana yake. Mazungumzo yetu yalichukua sekunde hamsini na moja. Nazijua kwa sababu simu hutunza hesabu hizo, na kwa sababu nimezitazama mara nyingi kuliko inavyofaa.

Nilimwamkia, akaitikia, akauliza watoto wameamkaje. Kisha akaniambia gari haliwaki. Ukigeuza ufunguo linagonga mara mbili tatu, taa za dashibodi zinafifia, basi. Nilisema ni betri. Akasema ndiyo, ni betri. Nilimwambia asubiri, nitaazima gari la jirani na nyaya za kuchangia moto, anipe dakika arobaini. Akajibu, "Sawa, bwana mdogo," na simu ikakatika.

Ndani ya sekunde hizo hamsini na moja palikuwa na nafasi ya sentensi moja zaidi. Nimeipima kwa saa. Kuisema polepole, kwa sauti ya kawaida, kunachukua sekunde nne: usiliachie mteremkoni, halitawaka. Sikuisema.

Mtu huyo aliniita bwana mdogo kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, yeye thelathini na sita, na alikuwa anaendesha lori la tani kumi kutoka stesheni ya reli kwenda Kasulu. Alikuwa anafunika saa ya mizunguko ya injini kwa kitambaa ili nisiitazame. Alitaka nibadilishe gia kwa sikio. Nikichelewa alinigonga bega kwa vidole viwili, nikiwahi alinigonga kwa kimoja. Hakuwa mtu wa maneno mengi ndani ya gari. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo kabla hajazaliwa. Alizungumza Kibembe na dada zake na Kiha na majirani, na alitukana kwa lugha zote mbili, lakini nje ya gari tu.

Miaka mitano kabla ya asubuhi hiyo, pipa la mawese liliteleza kwenye ubao wakati wa kushusha mzigo likampiga goti la kushoto. Goti lilipona vibaya. Likawa halikunjiki zaidi ya nusu, na halikuwa na nguvu ya kusukuma. Kwa mtu mwingine hicho ni kilema cha kawaida. Kwa dereva wa lori, mguu wa kushoto ndio wa klachi, na kwenye barabara yenye vilima klachi hukanyagwa mamia ya mara kwa siku. Alijaribu kurudi kazini. Nilipanda naye safari moja ya kwenda Manyovu. Kila alipotaka kubadilisha gia, alishusha mkono mmoja kutoka kwenye usukani akalikandamiza goti lake kwa kiganja, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo. Tajiri wake alisikia habari hizo na kumwachisha kwa heshima, kwa maneno mazuri na mfuko wa mchele.

Baada ya hapo alikaa mbele ya nyumba yake Bangwe akishona nyavu za watu kwa malipo ya kipande. Mke wake alianza kununua dagaa na kuanika kwenye vichanja kule chini ufukweni, pamoja na wanawake wengine. Nilikuwa napita kumsalimu. Hakuwahi kulalamika. Lakini lori likipanda mteremko wa Bangwe alinyamaza katikati ya sentensi, akasikiliza mpaka dereva abadilishe gia, na uso wake ulionyesha kama dereva yule amewahi au amechelewa.

Mimi nilikuwa nimeacha kuendesha na kuingia kwenye biashara ya chumvi. Nilipopata uwezo wa kununua lori dogo la tani tatu na nusu, nilisafiri hadi Dar es Salaam, na kwenye yadi niliyofikia yalikuwepo mawili ya aina moja, yote yametoka Japani, yote ya rangi nyeupe. Moja lilikuwa la gia za mkono. La pili lilikuwa otomatiki: halina kanyagio la klachi, lina breki na mafuta tu, na gia linabadilisha lenyewe. Hilo la pili lilikuwa na bei ndogo kwa sababu wateja wa mikoani hawalitaki. Nilikaa kwenye nyumba ya wageni siku mbili nikiandika sababu za kila upande kwenye daftari. Upande wa otomatiki nilikuwa na sababu nne. Tatu zilikuwa dhaifu. Ya nne ilisema: linaendeshwa kwa mguu wa kulia peke yake.

Madereva wenzetu wa Kigoma walilicheka lori hilo tangu siku lilipofika. Walisema ni gari la kumpeleka mama mkwe sokoni. Walisema dereva wa mguu mmoja amepata gari la mguu mmoja. Yeye aliwajibu palepale, kwenye maegesho ya Mwanga, huku akipangusa kioo: "Nyinyi miguu yenu miwili, na kila masika sisi ndio tunawasukuma kwenye matope."

Lakini hoja zao nyingine zilikuwa za kweli, nami nilizichukua kwa uzito. Walisema otomatiki likikwama kwenye tope huwezi kulitikisa mbele na nyuma kwa haraka mpaka lichomoke. Walisema kwenye kilima linafikiri kwanza ndipo linashusha gia, na tani tatu hazikupi muda wa kufikiri. Walisema likiharibika hakuna fundi hapa atakayelifungua, kwa kuwa linahitaji kompyuta. Nilimpeleka fundi mmoja wa Ujiji akalikagua, akakubali hoja zote tatu, akaongeza ya nne, kwamba otomatiki halimwambii dereva linapoanza kuugua. La mkono unalisikia kwenye kiganja.

Hakuna aliyetaja mteremko. Nimerudia kumbukumbu za mazungumzo yale yote na nina uhakika. Si wao, si fundi, si mimi.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu. Huku kwetu betri ya lori haibadilishwi mpaka iwe haina kitu kabisa, na hata ikifika hapo bado inakaa miezi. Kwa hiyo dereva hujifunza mapema kuegesha gari mteremkoni. Anaweka jiwe mbele ya tairi, analala, na asubuhi anatoa jiwe, anafungua ufunguo, anaweka gia ya pili huku amekanyaga klachi, analiachia gari lishuke, kisha anaachia klachi. Gari linashtuka mara moja na kuwaka. Dereva akifika mji asioujua, kabla hajauliza bei ya chumba anauliza kama nje pana mteremko. Wengine wamepanga nyumba kwa kufuata hilo. Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hilo na mwalimu wangu, kwenye mteremko uleule wa Bangwe. Alikuwa analifanya kwa sekunde tatu, bila kuacha kuzungumza. Lilikuwa kwetu kama kufunga kamba za viatu.

Kitabu cha maelekezo cha lori nilipata nakala yake, kurasa zaidi ya mia tatu, kwa Kiingereza. Nina elimu ya darasa la saba. Kiingereza changu nimekitoa kwenye kamusi na kwenye vitabu vya magari, hivyo najua maneno ya gia boksi kuliko maneno ya salamu. Nilikisoma kitabu hicho kwa wiki tano, ukurasa kwa ukurasa. Nilipofika kwenye sehemu ya dharura nikakuta sentensi fupi, nikaitafsiri na kuiandika kwenye daftari kwa mkono wangu: gari hili haliwezi kuwashwa kwa kusukumwa wala kuvutwa.

Kisha nikamtayarishia mwalimu wangu kanuni za kuendesha. Niliandika kumi na moja, kwa herufi kubwa, kwenye kipande cha kadibodi, nikakitundika kwa kamba karibu na kioo cha ndani. Nilipokuwa nachagua, niliifikia sentensi ile na kuiruka. Nakumbuka sababu yangu. Niliwaza kwamba kanuni humkataza mtu jambo analoweza kulifanya. Jambo lisilowezekana halihitaji kukatazwa. Wazo hilo lilinipendeza.

Kanuni ya nne ilisema: kwenye mteremko usiondoe D, D ndiyo inayolishika gari. Hiyo niliiandika kwa sababu madereva wetu wamezoea kuondoa gia wakishuka ili kubana mafuta, na kwa lori lile ingekuwa hatari. Nilimwelezea kwa muda mrefu. Nilimwambia mkono wa gia ukiwa kwenye D, yaani ya kwenda mbele, injini ndiyo inayolizuia gari, breki ni msaada tu. Alinisikiliza kama mimi nilivyomsikiliza zamani. Aliiita kadibodi ile katiba. Akitaka kunichokoza aliuliza, "Katiba inasemaje kuhusu kusimama kunywa chai?" Lakini aliijua yote kwa moyo, na hakuvunja hata kanuni moja.

Safari ya kwanza tulikwenda Simbo na kurudi. Njia nzima mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga sakafu, unatafuta klachi ambayo haipo. Tuliporudi alizima injini, akabaki na mikono juu ya usukani.

"Mguu wa kushoto umekuwa abiria," akasema. "Basi na akae, alipe nauli."

Aliliendesha mwaka mmoja na miezi miwili. Katika muda huo aliezeka jiko upya na akaacha kushona nyavu. Mke wake aliendelea na dagaa, lakini sasa kwa mtaji wake mwenyewe. Madereva waliomcheka walianza kumsalimia kwa honi. Mwenyewe hakusema kama amefurahi. Nililiona kwa jinsi alivyoosha gari: alianza na tairi, kama zamani.

Betri mbili za lori zilichoka baada ya mwaka. Nilikwenda dukani. Mpya zilikuwa shilingi laki moja na elfu tisini kila moja. Duka la pili lilikuwa na zilizotumika, zimejazwa maji upya, kwa elfu sabini kila moja. Nilizijaribu kwa kipimo, zikaonyesha moto wa kutosha, nikanunua hizo. Mwalimu wangu alizitazama wakati nazifunga.

Wiki tatu baadaye alikuja nyumbani jioni kuniletea karatasi za mzigo. Nilikuwa mezani naandika. Alisema zile betri asubuhi zinachoka. Bila kuinua kichwa nilimwambia, "Lilaze mteremkoni kwanza. Mwezi ujao nanunua mpya."

Alisimama kidogo. "Hata hili?"

"Gari ni gari, mzee," nikasema, na nikaendelea kuandika.

Ndivyo ilivyokuwa. Kichwa kilichosoma ukurasa ule na mdomo uliosema maneno yale vilikuwa vya mtu mmoja. Desturi ilikuwa imekaa mdomoni, elimu ilikuwa imekaa kwenye daftari, na hazikukutana.

Yaliyotokea Bangwe baada ya simu ya kwanza niliyakusanya kwa watu wanne walioyaona, na baadaye kwake mwenyewe. Wametofautiana kidogo. Naandika yale waliyokubaliana.

Lori lilikuwa juu ya mteremko, uso ukielekea ziwani, jiwe mbele ya tairi la kulia. Chini kabisa boti ilikuwa inasubiri chumvi ivuke nayo kwenda Kongo. Wapakiaji wanane walikuwa wamekaa kando ya lori bila kazi. Mwalimu wangu aliwasalimia kwa Kiha, "Mwakeye," wakamwitikia, akawaambia wasubiri dakika arobaini, tajiri analeta moto.

Mmoja wao akasema, "Mzee, gari la akina mama limeamka na kichefuchefu."

Mwingine akasema, "Liacheni, linasubiri kuletewa uji."

Alicheka nao. Wote wanne wanasema alicheka, na hakuonekana kukasirika. Si utani uliomsukuma. Alikuwa amezoea utani. Aliyemsukuma ni nahodha wa boti, ambaye alipanda mpaka kwenye lori na kusema kwa upole kwamba upepo utaanza kabla ya saa tatu, na kwamba kama chumvi haitafika chini saa moja kamili, atapakia saruji ya mtu mwingine na kuondoka. Safari hiyo ikipotea, hasara ilikuwa yangu. Mwalimu wangu alilitambua hilo. Alitazama saa, akatazama mteremko. Kisha akainama na kutoa jiwe.

Nimeuhesabu mteremko ule kwa hatua. Kutoka palipokuwa na jiwe hadi kwenye vichanja vya dagaa ni hatua mia tatu na kumi na mbili. Kwenye hatua ya mia mbili na thelathini barabara inapinda kulia kuelekea gatini. Asiyepinda anaingia moja kwa moja kwenye vichanja. Upande wa kushoto wa kona hiyo kuna mwamba unaozidi kimo cha mtu, na wanafunzi huwa wanaukalia wakitoka shule.

Alifungua ufunguo, akaweka D, akaachia handbreki. Lori likaondoka. Akasubiri mshtuko wa injini, haukuja. Alikanyaga breki, gari likapunguza mwendo. Hapo lingeweza kusimama. Lakini kwa gari la mkono, likikataa kuwaka maana yake halijapata mwendo wa kutosha. Akaachia breki lipate mwendo. Alikuwa sahihi kwa magari yote aliyoyajua katika maisha yake.

Fundi wa Ujiji alinieleza baadaye kwa kuchora na chaki sakafuni. Katika gari la mkono, magurudumu na injini hushikana kwa nguvu ya chuma, hivyo magurudumu yakizunguka yanaweza kuiamsha injini. Katika lori letu kinachovishikanisha ni mafuta yanayosukumwa kwa nguvu, na injini ikiwa imezimwa hakuna kinachoyasukuma. D ilikuwa herufi tu. Haikuwa imeshika kitu. Na injini isipowaka, msaada wa breki humalizika baada ya kukanyaga mara mbili, na usukani unakuwa mzito.

Mara ya pili breki ilishika nusu. Mara ya tatu, aliniambia, ilikuwa kama kukanyaga ngazi ya saruji. Alikanyaga kwa mguu wa kulia kwa nguvu zote. Wa kushoto haukuweza kusaidia. Alivuta handbreki, ikatoa moshi na harufu. Alibonyeza honi, na kwa betri zile honi ilitoa sauti ndogo kama ya pikipiki iliyo mbali.

Wanawake kama kumi na wawili walikuwa wanaanika dagaa. Mke wake alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyeinua kichwa. Masikio yao yalizoea kuwa lori linaloshuka hunguruma, na hili lilikuwa linashuka kimya, kwa mlio wa tairi juu ya changarawe peke yake. Yeye alimwona mke wake. Mke wake hakumwona yeye.

Kwa mwendo ule kona ya kulia ingelipindua lori hadi kwenye vichanja. Alijilaza juu ya usukani kwa kifua na kuuvuta wote upande wa kushoto. Lori likaacha barabara na kuingia kwenye mwamba.

Simu ya pili ilikuja saa kumi na mbili na dakika hamsini na nane. Ilikuwa namba yake, lakini sauti ilikuwa ya mpakiaji. Alisema, "Njoo upesi. Gari limempata mzee."

Nilifika nikiwa na zile nyaya mkononi. Sikujua kwamba bado ninazo mpaka mtu aliponinyang'anya. Mifuko ilikuwa imepasuka na chumvi imemwagika kote, weupe mtupu hadi kwenye majani, na watu wamesimama juu yake bila kujali. Lori la aina ile halina pua. Dereva anakaa mbele ya kila kitu, magoti yake yako nyuma ya bati jembamba. Bati lilikuwa limeingia ndani upande wa kulia, na mguu wake wa kulia ulikuwa bado juu ya breki. Walimtoa kwa nondo na panga. Alikuwa na fahamu zake. Alimuuliza mpakiaji kama kuna mtu ameguswa kule chini. Akaambiwa hakuna. Hakuuliza tena.

Walipokwisha kumtoa nilichungulia ndani. Mkono wa gia ulikuwa kwenye D. Kadibodi yangu ilikuwa bado inaning'inia, inazunguka polepole kwenye kamba yake.

Hospitalini walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Hawakuwa na njia nyingine, na daktari alinionyesha picha nikaelewa. Alibaki na wa kushoto, ule usioweza kusukuma.

Askari wa usalama barabarani alipokwenda wodini kuandika maelezo, nilikuwepo. Aliuliza nani alimwelekeza kuliachia gari lile mteremkoni. Nilifungua mdomo. Mwalimu wangu aliwahi, kwa sauti ya chini lakini ya wazi: "Mimi mwenyewe. Mazoea. Tajiri aliniambia nisubiri." Maneno hayo yote yalikuwa ya kweli. Askari aliandika, akamsomea, akamshikisha kalamu.

Alirudi nyumbani Bangwe baada ya wiki saba. Siku ya pili nilikwenda kumwona. Mke wake alinipokea mlangoni, akaniwekea kiti, na kabla sijakaa akanishika mikono yote miwili.

"Shemeji, asante," alisema. "Watu wanasema ungemwacha na nyavu zake haya yasingempata. Mimi nasema hapana. Ulimpa mwaka mmoja na miezi miwili ya kuwa yeye. Hata hili gari lingemwua, ningesema asante."

Nilimwambia kuna jambo inabidi alijue. Kutoka kitandani mume wake akaita, akamtuma maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa nje, nyuma ya jiko. Mke alipotoka, mwalimu wangu aliniambia nisogee.

"Hilo libaki hapa," akasema.

Nilimwambia haliwezi kubaki. Nilimwambia aliniuliza, nami sikuinua hata kichwa.

"Niliuliza, ukajibu. Ningeweza kuuliza mara ya pili." Alitazama dirishani. "Mke wangu amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwamini, mwenye miguu mizima. Ukimwambia, atabaki na nani? Mtaji wa dagaa atakopa kwa nani? Usimwambie ili wewe upate usingizi."

Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Kitabu kilisema?"

"Kilisema."

"Ulikisoma lini?"

"Kabla hujashika usukani."

Lori lilikuwa linapanda nje, akasikiliza mpaka likabadilisha gia. Safari hii uso wake haukuonyesha kitu.

"Ungeandika," alisema. "Zilikuwa kumi na moja. Kumi na mbili zisingenishinda."

Mke wake aliingia na maji. Alinipa mimi kwanza, kwa sababu ni mgeni.

Sasa mimi ndiye ninayempa mke wake mtaji wa dagaa, naye ananiita shemeji kwa sauti ileile. Mume wake amerudia nyavu. Watoto humletea nyuzi, humpa habari za magari, na yeye hushona. Lori nililiuza kwa wauza vyuma, kwa kilo. Kabla hawajalichukua nilifungua betri zile mbili na kuzipeleka zikapimwe: moja ilikuwa na chumba kimoja kilichokufa, labda tangu siku nilipoinunua. Kipimo changu hakikuwa cha kuonyesha hilo.

Niliporudi nyumbani nilitafuta kwenye daftari ukurasa wa siku ile ya dukani. Nina tabia ya kuandika kila ununuzi kwa mistari mitatu: bei ya kwanza, bei niliyolipa, tofauti. Ya kwanza, shilingi laki tatu na elfu themanini. Niliyolipa, laki moja na elfu arobaini. Mstari wa tatu niliupigia mstari chini, kwa rula. Nimeokoa: shilingi laki mbili na elfu arobaini.